Umeme wa Kitanda cha Mama

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, nusu saa tu, ikaziosha paneli vizuri kuliko ninavyoziosha mimi kwa kitambaa. Nilifurahi. Baadaye nikaangalia mawingu yaliyobaki nyuma yake, nikaacha kufurahi.

Nimeamua kuandika mpaka mvua ziishe, hata kama ni mstari mmoja kwa siku, kwa sababu nimechoka kubishana na mdogo wangu kuhusu betri ilikuwaje juzi. Hali yetu ni hivi. Paneli mbili za wati mia mia juu ya bati. Betri moja, inaingia mwaka wa nne, na betri mpya si habari ya mwaka huu. Inveta ndogo, ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Nguzo za umeme zimeishia ng'ambo ya daraja. Tuna taa mbili, simu mbili, na godoro la Mama.

Godoro ni la hewa. Lina mirija iliyolala sambamba, na pampu inaijaza hii na kuipunguza ile kwa zamu, ili mwili usiegemee mahali pamoja. Nesi ndiye aliyetutafutia, liliachwa na mgonjwa mwingine. Pampu ilitakiwa itundikwe miguuni, lakini waya haukufika, kwa hiyo iko ubavuni mwa kitanda, upande wa kulia. Tangu kiharusi Mama ana upande huo tu. Wa kushoto, kuanzia bega hadi unyayo, hata ukimfinya hasikii, na kiunoni kwa chini husikia kwa mbali. Nesi alituambia bila kuzunguka: "Pampu ikizima, mgongo utaoza. Sisemi kuwatisha." Pampu haili umeme mwingi, ila inakula usiku na mchana na haina sikukuu.

Asubuhi betri ilisoma volti 12.4. Ikishuka chini ya 12 ni kengele. Ikifika 11.5 inveta inalia, kisha inajizima yenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

12.4. Jua zuri.

Jumatano, 12 Machi

12.3. Mdogo wangu analinda ghala usiku. Mama anamwita Bundi tangu aanze kazi hiyo, na yeye anaitika. Anaingia asubuhi kabla sijatoka kwenda dukani, anamlisha Mama, anamwosha, anamgeuza, kisha analala chumba cha pili mlango wazi. Jioni mimi narudi na yeye anaondoka. Tunapokezana Mama kama askari wanavyopokezana lindo.

Leo nimemkuta ameunganisha spika yake kwenye inveta.

"Dakika kumi tu, dada."

"Dakika kumi za nani?"

"Za Mama. Amesema anataka muziki."

Mama akasema kutoka kitandani, "Usinitie mimi kwenye mambo yako. Mimi niliomba taarifa ya habari."

Tulicheka wote. Niliichomoa spika.

Jumamosi, 15 Machi

12.2. Mawingu tangu asubuhi. Nimesugua vichwa vya betri, vilikuwa vimeota unga mweupe kama chumvi iliyokauka. Nimeongeza maji ya betri. Nimekaza kila skrubu.

Jumanne, 18 Machi

12.1. Mvua.

Jumatano, 19 Machi

12.1. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi wa sola alikuja dukani kununua misumari ya bati. Mimi ndiye mtunza stoo, nikamhesabia polepole ili nipate muda wa kumwuliza. Akataka kujua waya wangu kutoka paani hadi kwenye betri ni mnene kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huo ni waya wa kengele," akasema. "Umeme wako unachoka njiani. Unaondoka paani kijana, unafika kwenye betri mzee."

Jioni nikamwomba Tajiri, mwenye duka, vipande vya waya mnene vilivyobaki kwenye roli. Akasema, "Chukua. Hiyo ni takataka ya duka." Haikuwa takataka na wote wawili tunajua. Huyu mtu nilikuwa namwona mgumu.

Jumapili, 23 Machi

Tumebadilisha waya. Bundi alishika ngazi, mimi nikapanda. Mawingu yalifunguka kidogo saa sita, nikaona amperi zimepanda kutoka saba na nusu hadi karibu tisa. Nilishuka nikamwambia Mama kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Tisa za nini?" akauliza.

"Amperi."

"Haya. Zikaribishe zikae."

Saa saba mvua ikaanza tena.

Jumatano, 26 Machi

Inveta imelia alfajiri. Ni mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyeachwa nyuma, na kwa uchovu niliuota kwanza kabla sijausikia. Nilipowasha tochi betri ilikuwa 11.3 na inveta imeshajizima. Godoro lilikuwa limesinyaa kama gunia tupu na Mama yuko juu ya mbao, macho wazi.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani ni mvua iliyopungua, kumbe ni pampu imenyamaza."

"Mbona hukuniita?"

"Nikuite uje kufanya nini? Ulipulize kwa mdomo?"

Nilimgeuza ubavu, nikamwekea mito. Kiunoni, juu tu ya mfupa wa mkia, palikuwa na doa jekundu lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nesi alitufundisha kubonyeza kwa kidole: rangi ikififia halafu ikarudi, damu bado inapita, ikibaki vilevile, pameharibika. Nilibonyeza. Ikafifia, ikarudi. Nilibonyeza mara tatu ili niamini. Kisha nikakaa sakafuni, nikavunja njiti nne za kiberiti kabla ya kuwasha jiko. Mama alikuwa ananitazama.

Bundi aliporudi nilimsubiri mlangoni. Nilimwuliza kama jana alichaji simu. Akasema ndiyo, kidogo. Nilimwambia maneno mengi. La mwisho lilikuwa hili: umeme wa nyumba hii una mtu mmoja wa kuuamulia na mtu huyo ni mimi. Asiwashe, asizime, asiguse kitu chochote chenye waya.

"Sawa, Waziri," akasema. Kwa kawaida angecheka. Leo hakucheka.

Kuanzia leo hakuna taa. Mshumaa jikoni, tochi ya simu kwa Mama. Simu zitachajiwa kwa watu. Nimefikiria kuipeleka betri ng'ambo ya daraja ichajiwe, lakini siku nzima bila betri ni siku nzima bila pampu, na barabara ni tope tupu.

Ijumaa, 28 Machi

11.9. Doa limeondoka.

Jumapili, 30 Machi

11.9. Nimepigilia vigingi vya mbao paani. Asubuhi Bundi atazielekeza paneli mashariki, mchana azinyooshe, alasiri azielekeze magharibi, zifuate jua. Nimemchorea. Nimempa ruhusa ya kugusa paneli tu.

"Sasa nimepandishwa cheo," alimwambia Mama. "Nilikuwa mlinzi, sasa mimi ni alizeti."

Jumatano, 2 Aprili

11.8. Amezungusha paneli siku tatu bila kulala vizuri na macho yake yamekuwa mekundu. Faida siioni. Nimemwuliza kama kweli anazizungusha. Alinionyesha viganja vilivyochubuka.

Ijumaa, 4 Aprili

11.8. Nimemfuata Fundi kwake wakati wa chakula cha mchana. Nilimweleza vigingi vyangu.

"Unazungusha paneli kama antena," akasema, "na jua lenyewe halipo. Mbingu yote ikiwa wingu, mwanga hautoki upande mmoja, unatoka kila mahali. Paneli uliyoisimamisha inatazama nusu ya mbingu na nusu ya ukuta wa jirani. Ilaze chali. Iache itazame juu."

"Ndivyo tu?"

"Ndivyo tu. Na uifute, maana ikilala chali inakusanya uchafu. Zaidi ya hapo, dada yangu, hakuna. Umeme utakaoupata ni ule wingu litakaokuachia."

Nilimwuliza kuhusu kontrola, kisanduku kinachopitisha umeme wa paneli hadi kwenye betri; si ya kawaida kama yetu, zile zinazotafuta zenyewe mahali paneli inapotoa nguvu nyingi. Akasema ni nzuri sana, zingeniongezea, na hana.

Jumamosi, 5 Aprili

11.8. Nimezilaza paneli. Kazi ya dakika ishirini. Ningejua mapema nisingemtesa Bundi.

Jumatatu, 7 Aprili

12.0.

Jumanne, 8 Aprili

12.1. Mvua ilinyesha kutwa jana na bado betri imepanda. Sikuamini, nikapima tena na mita ya dukani. 12.1.

Alhamisi, 10 Aprili

12.1 tena. Nimelala usiku kucha bila kushtuka, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Mvua juu ya bati ilikuwa nzito kiasi kwamba hata kengele ya kanisa nisingeisikia. Mama aliniuliza asubuhi kabla hata ya salamu, "Imesoma ngapi?" Nikamwambia. Akatabasamu kwa upande wake mmoja.

"Naona umelala."

"Nimelala, Mama."

"Uso wako umerudi."

Jumapili, 13 Aprili

12.2. Nimefuta paneli kwa maji ya sabuni na kuzisuuza. Nimemwambia Bundi kwamba tumeshinda, na kwamba yale ya Machi yalikuwa maneno ya hasira. Akasema, "Yamepita, dada." Alitaka kuongeza kitu, kisha akamtazama Mama, akaenda kulala. Anazidi kuwa mkimya. Nadhani ni kazi ya usiku.

Jumatano, 16 Aprili

12.2. Nesi amepiga simu dukani: maji yamefunika daraja, hawezi kuvuka. Aliuliza kuhusu mgongo. Nikamwambia pampu haijazima hata dakika moja tangu tarehe 26 ya mwezi uliopita. Akasema, "Hongera, basi mko salama. Lakini uuangalie kila siku." Naangalia kila jioni, kwa tochi.

Jumamosi, 19 Aprili

12.2. Mvua.

Jumatatu, 21 Aprili

12.2. Mvua. Mama amekula kidogo.

Jumatano, 23 Aprili

12.1. Mama ana joto kidogo. Kuna harufu chumbani, ninadhani ni unyevu. Nguo hazikauki, kila kitu kinanuka ukungu.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika haya mchana, nimeketi kwenye ngazi ya nje. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Maji yamepungua na Nesi amevuka leo asubuhi. Alifika saa tatu, sote watatu tuko nyumbani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua dirisha na kuvuta pazia, ambalo sisi tulikuwa tunaliacha limefungwa kwa sababu ya mvua. Kisha akasema, "Tumgeuze tumwone vizuri." Bundi akatoka. Ndivyo Mama anavyotaka: mwanawe wa kiume anamwosha kuanzia kiunoni kwenda juu, na miguu. Katikati ananisubiri mimi, jioni.

Nesi alishusha kanga.

Mimi nilikuwa nimepaona mahali pale jana. Kwa tochi ya simu palionekana peusi peusi, kama kivuli cha kunjo la ngozi. Kwa mwanga wa dirisha hapakuwa na kivuli. Palikuwa na ngozi ya zambarau iliyokufa, imepasuka katikati, na ndani yake kitu cha manjano. Harufu haikuwa ukungu.

Nesi hakubonyeza. Hapakuwa na haja.

"Hii si ya jana," akasema. "Ina wiki mbili, tatu. Pampu ilizimwa lini?"

"Haijazimwa."

"Dada, mimi naziona hizi kila siku."

"Haijazimwa. Nina vipimo vya kila asubuhi, tangu nilaze paneli betri haijashuka chini ya kumi na mbili. Naweza kukuonyesha."

Hapo Bundi akasema kutoka nje ya mlango, taratibu, "Si ulikuwa unaizima wewe usiku?"

Nilitoka nikamtazama.

"Nani kakwambia naizima?"

"Niliwahi kurudi mapema. Nikaikuta imezimwa, godoro liko chini, wewe umelala. Siku nyingine tena hivyohivyo. Mara tatu. Nikajua ni ratiba yako ya kubana umeme."

"Ukanyamaza?"

"Uliniambia nisiguse chochote chenye waya." Hakulisema kwa ubaya. "Nilimwuliza Mama. Akasema dada yako ndiye anayejua mambo ya umeme, muache. Nikaona, basi, mmekubaliana."

Tulirudi ndani wote wawili. Mama alikuwa bado amelalia ubavu, uso ukutani, mgongo wazi, na Nesi anasafisha. Hakusubiri aulizwe.

"Mwacheni huyo mtoto. Ni mimi."

Anaizima kwa mkono wake wa kulia nikishalala, tangu mapema mwezi huu. Swichi iko ubavuni, haimtaki hata anyooshe kiwiko. Akisikia watu wa kwanza wanapita njiani anaiwasha tena, na mimi nikiamka godoro limeshajaa.

"Kwa nini, Mama?" Nadhani niliuliza hivyo. Inawezekana sikuuliza kwa sauti.

"Siku ile ulivunja njiti za kiberiti," akasema kwa ukuta. "Nikakuona. Nikasema, huyu ataanguka kabla yangu, halafu nani atamgeuza nani. Mimi usiku nimelala tu, siendi popote. Godoro la nini kwa mtu aliyelala? Na mbona kila asubuhi ulikuwa unafurahi."

Nesi akaniambia nilete maji ya moto. Nilikwenda jikoni nikasahau nilichofuata.

Jumapili, 27 Aprili

Sijapima.

Jumatatu, 28 Aprili

11.9. Pampu imefanya kazi usiku mzima, nilikaa macho kuhakikisha. 11.9, paneli zimelala chali, zimefutwa, waya mnene, skrubu zimekazwa. Basi hiyo ndiyo thamani ya kazi yangu yote ya paani. Kutoka 11.8 hadi 11.9. Sehemu iliyobaki alikuwa anaijaza Mama.

Alhamisi, 1 Mei

Tumempeleka hospitali kwa gari la Tajiri, alilalia tumbo kwenye kiti cha nyuma. Daktari amekata nyama iliyokufa. Kidonda kinafika karibu na mfupa. Wamempa dawa za sindano, na baada ya kumwangalia wametuambia turudi naye, kwa sababu vitanda vyao ni vya godoro la kawaida na hawana wa kumgeuza kila saa mbili. "Nyumbani mna godoro la hewa," daktari akasema. "Mna bahati."

Bundi alicheka. Ilibidi nimtoe nje.

Jumamosi, 3 Mei

12.0. Mvua. Namgeuza kila saa mbili usiku, Bundi mchana. Tumerudisha taa chumbani, liwalo na liwe.

Jumatatu, 5 Mei

11.8. Joto la Mama halishuki.

Jumatano, 7 Mei

11.8. Nilipanda paani nikakaa huko saa nzima bila kazi. Bundi akaniita, akaniuliza nafanya nini. Nikasema nafuta paneli. Akasema, "Zimeshafutika, dada. Shuka."

Huwa napanda kwa sababu paani kuna majibu. Ukikaza skrubu, amperi inapanda kidogo. Ukifuta, inapanda kidogo. Mgongo wa Mama naukaza wapi.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimefanya hesabu niliyokuwa naikwepa. Nimechukua mita, nikaizima pampu kwenye swichi yake kwa dakika tano tu, Mama akiwa ameshikiliwa ubavu na Bundi, nikapima inveta inakula kiasi gani peke yake.

Inakula karibu sawa na pampu. Ukizima pampu kwa ile swichi ya ubavuni, inveta inabaki iko macho, inajilisha yenyewe, usiku kucha. Kama Mama angeweza kufika kwenye inveta angeokoa maradufu. Lakini inveta iko ukutani, juu.

Kwa hiyo nimejua. Kila usiku aliolala juu ya mbao ulitupa umeme wa nusu saa ya jua la mchana. Jua la kawaida, lisilo la ajabu, lile linalochomoza watu wakalaani joto. Nusu saa.

Bundi aliona nimeacha kuandika. "Imetoka ngapi?"

Nikamwambia. Akaenda kumgeuza Mama ingawa saa yake ilikuwa haijafika.

Nilikuwa namfikiria huyu kama mtu wa spika na usingizi. Wiki hii anakwenda lindo, anarudi, anamgeuza Mama kila saa mbili, na katikati analala sakafuni kando ya kitanda, amefunga kamba kwenye kidole chake cha mguu na upande wa pili wa kamba kwenye mkono wa Mama, ili Mama avute. Mama anasema havuti, anamwonea huruma. Bundi amemwambia asipovuta atafunga kamba shingoni mwake mwenyewe. Sasa anavuta.

Jumapili, 11 Mei

12.0.

Jumanne, 13 Mei

12.1. Mvua nyepesi.

Ijumaa, 16 Mei

12.2. Nesi amekuja. Kidonda hakijaongezeka upana, ila kinakwenda ndani. Nilimsindikiza hadi njiani nikamwuliza kama kitafunga. Yeye si mtu wa kuzunguka, na leo alizunguka. Akasema mgonjwa wa umri huu, asiyekula vizuri, aliyepooza. Akasema tumfanye asiumie. Akasema, "Mnafanya vizuri sana," na hilo ndilo lililonivunja.

Sijamwambia Bundi. Nadhani anajua.

Jumatatu, 19 Mei

12.3. Jua kuanzia saa nne.

Jumatano, 21 Mei

12.4. Jua kutwa. Mama hakula.

Jumamosi, 24 Mei

12.6. Betri imejaa saa sita mchana na kontrola ikaanza kuukataa umeme wa paneli, hauna pa kwenda. Mchana wote paneli zimekaa juani bure. Fundi alipita njiani akapaza sauti, "Si nilikwambia, ilaze utaona." Nikampungia mkono.

Jumatano, 28 Mei

12.6. Joto limerudi usiku. Sindano haziingii tena, mishipa inakimbia.

Jumapili, 1 Juni

12.6. Mbingu nyeupe kwa jua, hakuna hata wingu la kusingizia. Mvua zimekwisha, na nilisema nitaandika mpaka ziishe.

Leo Mama amekuwa na akili safi tangu asubuhi, ametuomba tumchane nywele. Bundi ndiye aliyechana, vibaya, na Mama akamwambia bora aendelee na ulinzi. Alipokwenda kulala, Mama aliniita nikae karibu, nikamgeuza upande wa kulia ili anione.

"Nataka kukuuliza hesabu," akasema. Sasa huongea kwa kupumzika kila maneno matatu. "Ule umeme. Niliokuwekea."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa kiasi gani?"

Nilijifanya naweka mto sawa.

"Mwingi," nikasema.

"Mwingi sio hesabu. Wewe una mita. Niambie kiasi gani."

Alikuwa ananitazama kwa jicho lile zima, kama alivyokuwa ananitazama nilipokuwa narudi na ripoti ya shule. Nikamwambia bila ule umeme betri ingekufa kabisa wiki ya pili ya Aprili, na betri ikishakufa hivyo haifufuki. Nikamwambia yeye ndiye aliyetuvusha. Nilitaja na namba. Nilizitunga pale pale, na nilizitaja kwa nukta zake, kwa sababu anajua mimi sitaji namba bila nukta.

Alifumba macho.

"Nilijua," akasema. "Unahangaika na paa, unahangaika na waya, na mtu wa kukusaidia yupo hapa hapa."

Kisha akauliza betri ilisoma ngapi leo asubuhi. Nikamwambia kumi na mbili nukta sita, imejaa. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea shukrani asiyotaka kuipigia kelele, akalala. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya swichi. Niliuondoa taratibu nikaushika mpaka saa mbili zilipotimia, nikamgeuza.